PELLEGRINO ARTUSI: ALIYEWAPIKA WAITALIANO CHUNGU KIMOJA

 Mwaka huu mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alimpa kila mmoja wetu kazi ya kuandika maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Wenzangu walikimbilia marais, wanajeshi na wanariadha. Mimi nikachagua mtu wa jikoni. Walinicheka kweli kweli! Eti kijana wa kiume wa Kidato cha Tatu, badala ya kuandika habari za mashujaa, anaandika habari za mzee wa sufuria! Lakini wahenga walituonya tusidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima. Soma hadi mwisho, kisha uamue mwenyewe.

Mzee wangu anaitwa Pellegrino Artusi. Kwa taarifa yako, hata mpishi wa kazi hakuwa. Alikuwa mfanyabiashara wa hariri, kapera asiyeoa maisha yake yote, mwenye ndevu kubwa nyeupe mashavuni. Hata hivyo, kitabu chake cha mapishi kimekaa katika nyumba za Waitaliano kwa zaidi ya miaka 130, na wapo wataalamu wanaosema kwamba kiliwaunganisha watu wale kuliko hotuba nyingi za wanasiasa wao. Mambo yalikuwaje? Twende polepole.

Artusi alizaliwa tarehe 4 Agosti 1820 katika mji mdogo wa Forlimpopoli, eneo la Romagna, upande wa kaskazini wa Italia. Nasema Italia ili tuelewane tu, kwa maana siku hizo hakukuwa na nchi moja iitwayo hivyo. Kulikuwa na vijidola kadhaa, kila kimoja na mtawala wake, ushuru wake na mipaka yake. Romagna ilikuwa chini ya utawala wa Papa wa Roma. Babake, mzee Agostino, alikuwa na duka la viungo na bidhaa mchanganyiko, na watu walimpa jina la utani Buratel, yaani mkunga mdogo, yule samaki mwenye umbo la nyoka. Pellegrino alilelewa kati ya dada wengi. Alisoma katika seminari ya mji wa jirani wa Bertinoro, kisha akaingia dukani kumsaidia babake. Mambo yalikuwa mazuri. Familia ilikuwa na uwezo, nao mji ulikuwa mtulivu.

Basi usiku wa tarehe 25 Januari 1851 ukaja. Watu wenye mali wa Forlimpopoli walikuwa wamejaa katika ukumbi wa maigizo wakingoja sehemu ya pili ya mchezo. Pazia lilipofunguliwa, hawakuwaona waigizaji. Waliona majambazi wamejipanga jukwaani, bunduki zimewaelekea wao! Kiongozi wao alikuwa Stefano Pelloni, aliyeogopwa eneo zima kwa jina la Passatore. Matajiri waliitwa mmoja mmoja watoe pesa, halafu genge likaenda nyumba kwa nyumba. Nyumba ya kina Artusi haikusazwa. Wanawake walitendewa unyama. Gertrude, dadake Pellegrino, alipata mshtuko mkubwa hadi akarukwa na akili, ikabidi apelekwe katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Pesaro. Pelloni mwenyewe aliuawa mwezi wa Machi mwaka huo huo, lakini kufa kwake hakukumrudishia Gertrude akili zake. Baada ya usiku ule familia haikuweza tena kuishi pale. Ilifunga virago, ikahamia Florence, ng'ambo ya milima, katika dola nyingine kabisa iliyoitwa Toscana. Pellegrino alikuwa na miaka 30.

Nilipofika hapo katika usomaji wangu nilikuwa nyumbani kwa likizo, nimeketi jikoni na nyanya yangu, mamake mama. Nikamsimulia habari za usiku ule. Aliacha kuchambua sukuma wiki, akanyamaza. Ndipo nikakumbuka jambo ambalo nalijua tangu utotoni ila sikuwahi kulifikiria sana: Nyanya naye alihama kwake Burnt Forest mwezi wa Januari, mwaka wa 2008. Alitoka na wajukuu, sufuria mbili na kibuyu kimoja. Kibuyu hicho alikuwa amepewa na jirani yake Mkalenjin, mama aliyemfundisha kugandisha maziwa ya mursik, kuanzia kukiosha kibuyu hadi kukipaka masizi ndani. Sisi si Wakalenjin. Lakini kibuyu kingali kinaning'inia jikoni mpaka leo, na mursik wa Nyanya hausemeki kwa utamu. Watu wakiuliza habari za Artusi huuliza juu ya kitabu chake. Nyanya aliuliza swali moja tu: yule dada, ni nani alikuwa akimpelekea chakula huko hospitalini? Sikuwa na la kumjibu. Kwa hivyo, msomaji, jina la Gertrude nimelitia humu kwa ajili ya Nyanya.

Turudi Florence. Mgeni hana uchaguzi, hula alichokikuta. Artusi alikuta watu wanaozungumza lahaja tofauti na ya kwao, mkate usiotiwa chumvi, na majina mapya ya vyakula alivyovijua. Akafanya bidii katika biashara ya hariri, akasafiri huku na huku, na kila alipolala aliangalia watu wa pale wanapika nini. Safari moja nusura imgharimu roho. Mwaka wa 1855 alikwenda kuoga baharini katika mji wa bandari wa Livorno. Jioni alikula mkahawani supu ya mboga iitwayo minestrone, kisha akaenda kulala katika nyumba ya mtu mmoja aliyekuwa akipangisha wageni vyumba. Usiku kucha tumbo lilimsokota. Aliilaani ile supu kwa kila laana aliyoijua! Asubuhi akapanda gari la moshi, akarudi Florence, na mara akapata nafuu. Siku chache baadaye habari zikamfikia: kipindupindu kilikuwa kimezuka Livorno, na mwenye nyumba ile aliyolala alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa. Kumbe supu ilikuwa imesingiziwa bure! Mwingine angeichukia minestrone hadi kufa. Artusi aliipika mara kadhaa, akaiboresha na kuiingiza kitabuni pamoja na kisa chenyewe.

Na hivyo ndivyo kitabu chake kilivyo chote. Usidhani ni orodha kavu ya vijiko na vikombe. Anakupa kipimo, halafu anakaa kitako anakupigia soga: nani alimfundisha, wapi aliharibu, jirani alisema nini. Ukikisoma ni kama umekaa na babu mcheshi karibu na meko.

Sasa tuangalie mambo ya nchi, maana bila hayo hutaona kwa nini kitabu cha mapishi kilikuwa jambo kubwa. Mwaka wa 1861 vijidola vile viliunganishwa kuwa Ufalme wa Italia. Florence yenyewe ilikuwa mji mkuu kuanzia 1865 hadi 1871, kabla ya serikali kuhamia Roma. Bendera ilikuwapo, mfalme alikuwapo, bunge lilikuwapo. Waitaliano wenyewe je? Hapo palikuwa na kazi! Wataalamu wa lugha wanakadiria kwamba wakati wa muungano hata mtu mmoja kati ya kumi hakuweza kuzungumza Kiitaliano sanifu. Mtu wa Milan na mtu wa Naples wangekutana njiani wangetumia mikono. Mezani ilikuwa vivyo hivyo. Wa kaskazini alikula polenta, ambayo ni ndugu wa damu wa ugali wetu, au wali uliopikwa kwa siagi. Wa Naples alikula makaroni. Wa Sicily alikuwa na dagaa, zabibu kavu na harufu ya Uarabuni katika chungu chake. Kila mmoja alimwona mwenzake kama mgeni, na mara nyingi alimdharau. Kwa Kiswahili tungesema hawakupikika chungu kimoja.

Artusi alipata mali ya kutosha akaacha biashara kabla ya uzee. Alikaa katika nyumba nzuri kwenye uwanja wa D'Azeglio, akatumia muda wake kwa vitabu. Alitamani kuwa mwandishi wa fasihi. Mwaka wa 1878 alichapisha maisha ya mshairi Ugo Foscolo, na baadaye maelezo juu ya barua za mshairi Giuseppe Giusti. Vitabu hivyo havikumpatia jina. Watu hawakuvijali. Ndipo akageukia kitu ambacho msomi wa zama zile hangethubutu kukitia sahihi yake: chakula cha nyumbani.

Hakuwa peke yake jikoni, na hapa nataka tuwe waungwana tuwataje wenye kazi. Nyumbani kwake walikuwapo Francesco Ruffilli, mpishi aliyetoka Forlimpopoli kama yeye, na Marietta Sabatini, mwanamke wa Toscana mwenye mkono mtamu. Artusi alisoma, akaandika barua, akauliza, akaleta mapishi. Francesco na Marietta waliyaweka motoni. Pishi lilijaribiwa mara moja, likajaribiwa tena, gramu zikaongezwa au kupunguzwa, hadi mzee aliporidhika kwamba mtu yeyote asiyejua kitu angeweza kulifuata nyumbani kwake. Kitabuni mna keki iliyopewa jina la Marietta, naye mzee anamsifu waziwazi kwa ubora wake.

Kufikia mwaka wa 1891 alikuwa na mapishi 475 na umri wa takriban miaka 71. Akabisha milango ya wachapishaji. Wapi! Rafiki mmoja, tena profesa, alimtabiria kwamba kitabu hakitafika popote. Wachapishaji waliokubali kukigusa walimpa masharti ya kumnyonya. Mzee akakasirika. Akatoa pesa zake mwenyewe mfukoni, akachapisha nakala 1,000, akakiita La scienza in cucina e l'arte di mangiar bene, maana yake Sayansi ya Jikoni na Sanaa ya Kula Vizuri. Kisha akatuma nakala mbili kwao Forlimpopoli zitolewe zawadi katika maonyesho ya hisani. Unajua walioshinda walifanya nini? Walienda kuziuza kwa mwuza tumbako! Naam, nabii hakubaliki kwao. Mwenyewe alifananisha historia ya kitabu chake na ya yule msichana wa hadithi, Cinderella, aliyeachwa jikoni kwenye majivu kabla ya dunia kumwona.

Kitabu kiliuzwa polepole, na mengi alikituma mwenyewe kwa posta kutoka nyumbani. Lakini waliopika walifanikiwa, na waliofanikiwa wakawaambia jirani zao. Halafu likatokea jambo ambalo hakulitarajia: barua zilianza kumjia. Kina mama kutoka pande nyingi za Italia walimwandikia. Huyu alisema pishi lako nimelijaribu, vitunguu vilizidi. Yule alisema huku kwetu hatufanyi hivyo, ngoja nikuelekeze. Artusi aliwajibu, akajaribu walivyomwelekeza, akatia katika toleo lililofuata. Kwa miaka 20 kitabu kilikua hivyo, toleo baada ya toleo, kutoka mapishi 475 hadi 790. Barua nyingi zimehifadhiwa mjini kwao hadi leo. Ukifikiri vizuri, kitabu kiliandikwa na mzee mmoja kikamaliziwa na nchi nzima.

Matokeo yake nini? Mama wa Florence aliweza kupika nyumbani kwake wali wa Milan, tortellini za Bologna, makaroni ya Naples na yale ya Sicily yenye dagaa, bila kupanda gari la moshi. Vyakula vilivyokuwa vya wageni vikawa vya jikoni kwake. Artusi hakuishia kwenye mipaka ya nchi pia. Mna rosibifu na pudini ya Krismasi ya Waingereza, mna kabeji chachu ya Wajerumani, mna strudel ya upande wa Austria. Mna hata kuskusi, zile chembechembe za ngano zinazopikwa kwa mvuke, chakula cha Waarabu wa Afrika ya Kaskazini ambacho Wayahudi wa Toscana walikuwa wamekifanya chao. Artusi alifundishwa na marafiki zake Wayahudi, akakijaribu jikoni kwake, na kwa ukweli wake akasema si chakula cha kupigiwa vigelegele. Hata hivyo alikiandika kwa ukamilifu, hatua kwa hatua, ili msomaji aamue kwa ulimi wake.

Jambo la Wayahudi lilinigusa zaidi nilipofika kwenye biringani. Artusi anaeleza kwamba miaka 40 hivi kabla ya wakati wake wa kuandika, biringani na shamari zilikuwa hazionekani sokoni Florence ila kwa nadra. Kwa nini? Zilidharauliwa kwa sababu zilijulikana kama vyakula vya Wayahudi. Mtu mzima na akili zake anakataa mboga kwa kuwa fulani anaila! Artusi anasema wazi kwamba katika jambo hilo, kama katika mengine makubwa zaidi, Wayahudi walionyesha kuwa na pua kali kuliko Wakristo. Kwa mzee wa karne ya 19 kuandika hivyo katika kitabu cha mapishi haikuwa mzaha.

Usicheke sana, msomaji. Kwani sisi kule maakulini tukoje? Mmoja akitoka kwao na omena, meza nzima inaziba pua. Mwingine akisifu mrenda, anaambiwa anameza kamasi. Githeri ni ya watu fulani, samaki ni wa watu fulani, muthokoi ni wa watu fulani, na majina tunayoitana kwa sababu ya vyakula hivyo mhariri hangeniruhusu niyaandike. Mimi mwenyewe nimecheka mara nyingi. Tangu nisome habari ya biringani, kicheko changu kimepungua nguvu.

Kuna jambo lingine ambalo wanachama wa Kiswahili watalipenda. Artusi alijali lugha kama alivyojali chumvi. Aliona kwamba kitu kimoja kina majina kumi kutegemea mji, na vitabu vya mapishi vilivyokuwapo vilijaa Kifaransa kilichoharibika ambacho mama wa kawaida hakuelewa. Yeye akaandika kwa Kiitaliano chepesi cha Florence, na mwanzoni mwa kitabu akaweka orodha ya maneno ya Kitoscana akiyafafanua kwa ajili ya wasomaji wa sehemu nyingine. Pale Mfaransa aliposema purée, yeye alitumia neno la kwao, passato. Mchuzi mweupe ambao wengi huuita besciamella yeye aliuita balsamella. Watu waliokuwa hawajawahi kushika riwaya walijifunza lugha ya taifa wakikanda unga! Mtaalamu Piero Camporesi, aliyehariri kitabu hicho upya mwaka wa 1970, alitoa hoja kwamba kwa kuwaunganisha Waitaliano kilifanya kazi kubwa kuliko ile riwaya yao mashuhuri ya Manzoni wanayoisoma shuleni. Sisi tunaotaka Kiswahili kienee tusisahau jikoni, jamani.

Wacha nikwambie sasa jinsi nilivyotaka kumwiga. Katika tafsiri ya Kiingereza niliyoazima nilikuta vibonge vya viazi viitwavyo gnocchi. Unachemsha viazi, unaviponda, unachanganya na unga wa ngano, unakata vipande vidogo, unavitia katika maji ya chumvi yanayochemka. Rahisi, sivyo? Nikapima kwa mkono, nusu kilo ya viazi na vijiko vichache vya unga. Nikavitumbukiza. Nikakoroga. Nikatazama tena, sioni kitu! Vibonge vyote vilikuwa vimeyeyuka, sufuria imejaa uji mweupe. Nyanya alicheka hadi akashika mbavu. Nilirudi kitabuni nikiwa na hasira, na kumbe Artusi alikuwa ameniwekea onyo ambalo sikulisoma: anasimulia juu ya mwanamke aliyefanya vivyo hivyo mbele ya watu, akachota kwa mwiko akakuta gnocchi zimetoweka, kwa sababu unga ulikuwa kidogo. Kipimo chake ni viazi gramu 400 kwa unga gramu 150. Siku iliyofuata nilienda kwa mwenye duka nikamsihi anipimie kwa mizani. Vilielea juu ya maji kama boti.

Mchuzi wake ulikuwa wa nyanya. Hapo nikamsimulia Nyanya kisa kingine cha Artusi: huko Romagna kulikuwa na padri mmoja aliyetia pua yake katika mambo ya kila familia. Watu wakamwita Padri Nyanya, kwa kuwa nyanya ndiyo inayoingia katika kila chungu. Nyanya yangu alifikiri kidogo, akasema Waitaliano hawana jipya, kwani katika ukoo wetu yeye ndiye nyanya anayeingia katika kila chungu, na ole wake atakayemzuia. Jibini hatukuwa nayo kwa kuwa bei yake si ya watu kama sisi. Tulikula gnocchi kwa mchuzi wa nyanya na vitunguu, tukateremshia mursik wa kile kibuyu. Artusi sidhani angekasirika.

Sitaki kumfanya mzee huyu malaika. Kitabu chake kina upungufu. Pande za Romagna, Emilia na Toscana zimejaa tele, ilhali kusini mwa Italia kumeguswa kidogo tu. Pia aliandikia watu wenye siagi, nyama na mtumishi. Siku hizo hizo, wakulima maskini wa kaskazini walikuwa wakila polenta tupu mwaka mzima hadi wakaugua pelagra, ugonjwa unaompata mtu anayeishi kwa mahindi bila vyakula vingine, unaoharibu ngozi, tumbo na mwishowe akili. Kwao mapishi 790 yalikuwa ndoto. Kuunganisha watu mezani hakutoshi ikiwa wengine meza haina kitu, na hata Nyanya atakuambia kwamba kufundishana mursik hakukuzuia yaliyotokea 2008.

Lakini pia atakuambia kwamba yule jirani alimtafuta. Baada ya miezi kadhaa alipata namba yake ya simu kwa mtu, akampigia, na jambo la kwanza aliloulizia baada ya afya za wajukuu ni kama kibuyu kilipona.

Pellegrino Artusi alifariki mjini Florence tarehe 30 Machi 1911 akiwa na umri wa miaka 90. Hakuacha mke wala mtoto. Haki za mapato ya kitabu chake aliwaachia Francesco na Marietta, wale waliosimama kwenye moto wakati yeye ameshika kalamu. Ni matajiri wangapi wa siku hizo waliowakumbuka wapishi wao hivyo? Mji wa Forlimpopoli, ambao watu wake waliuza kitabu kwa mwuza tumbako, uliona aibu baadaye. Tangu 1997 umekuwa ukifanya sherehe ya chakula kwa heshima yake, na mwaka wa 2007 ulifungua kituo kiitwacho Casa Artusi, chenye maktaba na shule ya mapishi ya nyumbani. Wapishi wa nyumbani hushindania hapo tuzo yenye jina la Marietta. Mji uleule uliomfukuza kwa hofu ndio unaompikia sasa.

Haya ndiyo maisha ya mzee wangu wa sufuria. Kama bado unaniona nimepotoka kwa kumchagua, haya, ni sawa. Lakini likizo ijayo ukiwa nyumbani, mwulize mwenzako wa bweni anayetoka mbali nawe akueleze kwao wanapika nini na wanapimaje, uandike kwenye karatasi, ukajaribu. Ukiharibu mara ya kwanza usijali, ongeza unga. Na ukirudi muhula ujao, leta hayo mapishi kwa mhariri wa jarida hili. Nyanya yangu amekwisha kunipa lake la mursik. Aliniamuru niandike juu kabisa kwamba si lake, ni la jirani yake.